Tatizo la Donaire si miaka 43, ni mkanda uliomrudisha

Tangu bondia Mfilipino Nonito Donaire apoteze kwa pointi mbele ya Mjapani Seiya Tsutsumi, bingwa wa uzito wa bantam wa chama cha ngumi cha WBA, katika ukumbi wa Ryogoku Kokugikan, Tokyo, Desemba 17, 2025, mashabiki wa ngumi wanajadili kitu kimoja tu: miaka yake. Alipanda ulingoni akiwa na miaka 43 na mwezi mmoja, akapigana raundi zote 12 na bingwa aliyezaliwa 1995, na kadi ziliposomwa jaji mmoja alikuwa amempa yeye ushindi, wawili wamempa Mjapani. Wapo waliosema mzee huyu alipaswa kutundika glovu zamani na anajiharibia jina. Wengine wakajibu kwamba mtu anayeweza kumshawishi jaji mmoja kati ya watatu akiwa na umri huo ni wa kupigiwa makofi, aachwe apigane hadi atakapochoka mwenyewe. Naona pande zote mbili zinajibu swali lisilo lenyewe. Donaire hakuwa mzee mno kwa pambano lile, na hapohapo hakuwa amelistahili. Mambo haya mawili hayapingani. Uwezo wake ulibaki kwa sababu zinazoeleweka, nyingi zikiwa za uzito wa mwili kuliko za miaka. Nafasi aliyopewa ilitoka kwenye biashara ya mikanda, biashara ambayo imezoea kuuza majina ya zamani katika madaraja mepesi kwa sababu majina mapya hayapewi muda wa kukua. Tukiendelea kubishana kuhusu cheti cha kuzaliwa, wenye biashara hiyo wataendelea kupita bila kuulizwa.

Kwa asiyemfuatilia, Donaire alizaliwa Novemba 16, 1982 huko Talibon, kisiwa cha Bohol, akakulia General Santos, mji uleule uliomkuza Manny Pacquiao, kisha familia ikahamia California akiwa bado mtoto. Alianza ngumi za kulipwa 2001 na akapoteza pambano lake la pili. Baada ya hapo hakushindwa tena hadi 2013. Dunia ilimjua Julai 7, 2007, mjini Bridgeport, Connecticut, alipomkabili Vic Darchinyan, bingwa wa uzito wa fly ambaye hakuwa amewahi kupoteza na ambaye mwaka mmoja kabla alikuwa amempiga Glenn, kaka yake Nonito. Katika raundi ya tano Darchinyan aliingia na mkono wake wa kushoto, Donaire akamtangulia kwa ngumi ya kuzungusha ya mkono huohuo, na bingwa akaanguka. Alijaribu kuinuka, miguu ikamkataa. Miaka minne baadaye, Februari 2011, Fernando Montiel wa Mexico alikutana na ngumi ileile mjini Las Vegas. Alianguka chali, mikono na miguu ikitikisika yenyewe sakafuni. Alisimama kwa ukaidi tu, na sekunde chache baadaye mwamuzi akasimamisha pambano katika raundi ya pili. Kwa ushindi huo Donaire alichukua mikanda ya uzito wa bantam ya vyama viwili vya ngumi vya dunia, WBC na WBO. Mwaka 2012 waandishi wa ngumi wa Marekani walimtaja bondia bora wa mwaka, na katika mwaka huohuo alikubali kupimwa dawa zilizokatazwa wakati wowote wa mwaka, bila taarifa, jambo ambalo mabondia wenzake wengi walilikwepa.

Historia yake huelezwa kwa kuhesabu madaraja: bingwa wa uzito wa fly, bantam, super bantam, feather. Hesabu hiyo ni sahihi, lakini imetuficha kitu. Bantam ni kilo 53.5. Feather ni kilo 57.2. Kwa mtu wa kawaida kilo tatu na nusu ni kuvimbiwa kwa sikukuu. Kwa bondia mwenye mwili wa Donaire ni tofauti ya kupigana na watu wa saizi yake au kupigana na watu waliojengeka kuliko yeye, wenye mabega mapana, ambao ngumi yake hawaiogopi tena. Angalia kilichomkuta alipopanda. Aprili 2013, katika super bantam, Guillermo Rigondeaux alimfundisha ngumi kwa raundi 12 pale New York. Mei 2014 alipata mkanda wa WBA wa feather dhidi ya Mwafrika Kusini Simpiwe Vetyeka, kwa uamuzi wa kiufundi, yaani kadi kusomwa pambano likikatishwa, baada ya vichwa kugongana na Donaire kuchanika juu ya jicho. Miezi mitano tu baadaye Nicholas Walters, Mjamaika mkubwa wa umbo, alimwangusha kwa KO katika raundi ya sita. Alirudi super bantam, akapata tena mkanda, akaupoteza kwa Jessie Magdaleno mwaka 2016. Aprili 2018 alipanda tena feather kwenda Belfast, Carl Frampton akamshinda kwa pointi. Wakati ule nilisoma makala nyingi zilizosema Donaire kwisha, umri umemfikia. Alikuwa na miaka 35.

Kilichofuata ndicho kinachobomoa hoja nzima ya umri. Miezi saba baada ya Belfast alishuka madaraja mawili, akarudi bantam, daraja alilokuwa ameliacha tangu 2011. Novemba 2018 mjini Glasgow alimshinda Ryan Burnett, japo hapa nikiri kwamba Burnett aliumia mgongo na hakuendelea. Kisha Novemba 7, 2019, Saitama, akakutana na Naoya Inoue kwenye fainali ya mashindano ya World Boxing Super Series, kugombea kombe la Ali Trophy. Inoue wakati ule alikuwa anawamaliza watu kwa dakika. Katika raundi ya pili ngumi ya kushoto ya Donaire ilimvunja mfupa unaozunguka jicho. Katika raundi ya tisa ngumi ya kulia ilimfanya Mjapani ayumbe na kumkumbatia, kitu ambacho hakuna aliyekuwa amekiona. Raundi ya 11 Inoue alimpiga ngumi ya ini, Donaire akageuka akatembea akimpa mgongo hadi akapiga magoti. Aliinuka na akamaliza pambano kwa miguu yake. Usiku huo alimwomba Inoue amwazime kombe ili akawaonyeshe wanawe aliokuwa amewaahidi, akamrudishia asubuhi. Mei 2021 alimpiga Nordine Oubaali, bingwa wa WBC ambaye hakuwa amewahi kupoteza, kwa KO raundi ya nne, na kuwa mtu mwenye umri mkubwa zaidi kushinda ubingwa wa bantam. Alikuwa na miaka 38. Mtu aliyetangazwa kwisha akiwa na miaka 35 alikuwa hatari zaidi akiwa na 38, na tofauti kubwa inayoonekana kati ya vipindi hivyo viwili ni kilo tatu na nusu. Hakugundua dawa ya ujana. Aliacha kupigana na watu wakubwa kuliko yeye.

Ndiyo maana wanaotumia tarehe ya kuzaliwa kama kipimo cha usalama wananipa shida. Hoja yao ina uzito, siidharau: mwitikio wa mwili hupungua, na kichwa kinabeba hesabu ya kila ngumi tangu ukiwa kijana wa ridhaa. Kamisheni ya Ngumi ya Japan yenyewe ilikuwa na kanuni ya kuwastaafisha mabondia wenye leseni yake wakifika miaka 37, isipokuwa wachache waliotimiza masharti, hadi ilipoiondoa mwaka 2023. Lakini tazama nini kimetokea Japan mwaka 2025. Mei 24, Osaka, Ginjiro Shigeoka, kijana wa miaka 25, alipoteza kwa Mfilipino Pedro Taduran katika pambano la marudiano la uzito mdogo kuliko yote, akabebwa kwa machela, akafanyiwa upasuaji wa ubongo. Ngumi zake ziliishia hapo. Agosti 2, katika usiku mmoja, ukumbi mmoja wa Korakuen, Shigetoshi Kotari na Hiromasa Urakawa walipata majeraha ya ubongo katika mapambano mawili tofauti. Wote wawili walifariki siku chache baadaye. Wote wawili walikuwa na miaka 28. Baada ya misiba hiyo, viongozi wa ngumi wa huko walianza kuzungumzia kupunguza maji ya mwili kwa pupa kabla ya kupima uzito, na mapambano ya ubingwa wa OPBF, shirikisho la ngumi la Asia na Pasifiki, yakashushwa kutoka raundi 12 hadi 10. Waliangalia maji, uzito na idadi ya raundi kwa sababu huko ndiko hatari ilikoonekana. Ubongo uliokauka maji huumia kirahisi zaidi, wa kijana na wa mzee. Ukimweka Donaire wa miaka 43, anayefika kilo 53.5 bila kujitesa sana, kando ya kijana wa miaka 24 anayekata kilo saba ndani ya wiki moja, sina hakika hata kidogo ni nani wa kumhurumia kwanza.

Wanaomtetea nao wana hoja zao, na dhaifu kuliko zote ni ile ya kumlinganisha na Bernard Hopkins na George Foreman. Foreman alirudisha ubingwa wa uzito wa juu 1994 akiwa na miaka 45. Hopkins alichukua mkanda wa light heavy akiwa na miaka 46, na mwingine akiwa na 48. Basi, wanasema, kwa nini Donaire asifanye hivyo? Kwa sababu hawapigani mchezo uleule. Foreman alihitaji ngumi moja katika raundi 10, na Michael Moorer aliyekuwa mbele yake hakuwa anarusha ngumi 80 kwa raundi. Katika bantam mambo huenda mbio. Tsutsumi ni bondia wa kusogea mbele bila kuchoka, wa kupiga na kupiga tena, na dhidi ya mtu kama huyo raundi za mwisho ndizo zinazoamua. Donaire alimtikisa bingwa katika raundi za mwanzo, akasimama naye hadi mwisho, lakini kadiri saa ilivyosonga kazi kubwa ilikuwa ya Mjapani. Mfano wa Foreman unamdanganya bondia mwepesi kwa kumwambia kuwa nguvu ya ngumi inatosha. Ni kweli nguvu ndiyo ya mwisho kumtoka bondia. Lakini anayeitegemea peke yake hulazimika kula ngumi nyingi akisubiri ile moja ya kwake ipate njia, na gharama hiyo haionekani kwenye rekodi ya ushindi na kushindwa.

Hoja ya kuharibu jina nayo sioni msingi wake. Pambano la Montiel halifutiki kwa sababu ya usiku mmoja wa Tokyo. Hakuna anayemkumbuka Muhammad Ali kwa Trevor Berbick, aliyemshinda katika pambano lake la mwisho. Wanaosema hivi mara nyingi wanalinda kumbukumbu yao wenyewe kuliko kumlinda bondia.

Turudi sasa kwenye mkanda, maana hapo ndipo penye uozo. Julai 2023 Donaire alipoteza kwa pointi dhidi ya Alexandro Santiago wakipigania mkanda wa WBC uliokuwa wazi. Hakupigana tena kwa karibu miaka miwili. Alirudi Juni 14, 2025, Buenos Aires, na pambano lake la kwanza baada ya kushindwa na baada ya likizo ndefu namna hiyo lilikuwa la mkanda wa muda wa WBA. Mpinzani alikuwa Andres Campos wa Chile, ambaye miaka miwili tu nyuma alikuwa amepigania ubingwa wa dunia katika uzito wa fly, madaraja mawili chini, na kushindwa na Sunny Edwards. Vichwa viligongana, Donaire akachanika, pambano likasimamishwa raundi ya tisa na akapewa ushindi kwa kadi. Wakati huohuo, katika uzito huohuo na chama kilekile, Tsutsumi alikuwa amewekwa mapumzikoni kwa sababu ya macho, na Antonio Vargas wa Marekani, ambaye naye alikuwa na mkanda wa muda, akapandishwa kuwa bingwa kamili. Julai Vargas akatoka sare na Daigo Higa huko Yokohama. Ndani ya mwaka mmoja daraja moja la chama kimoja lilikuwa na bingwa wa mapumziko, bingwa aliyepandishwa na bingwa wa muda. Mnunuzi wa tiketi anayejua bingwa halisi alikuwa nani wakati huo anastahili pongezi.

Kinachoumiza ni kwamba WBA iliwahi kuapa kuachana na haya. Agosti 2021, baada ya kadi za majaji katika pambano la Gabriel Maestre na Mykal Fox mjini Minneapolis kuzua hasira kila kona, chama hicho kilitangaza kufuta mikanda yote ya muda. Ikarudi. Inarudi kwa sababu kila pambano la mkanda huleta ada, na ada ni sehemu ya malipo ya bondia. Mkanda ukiwa mmoja ada ni moja, ukiwa mitatu ada ni tatu. Mkanda wa muda uliwekwa kwa dharura, bingwa akiumwa au akishindwa kupigana, ili daraja lisisimame. Umegeuzwa tiketi ya kupenya foleni, na mwenye jina kubwa ndiye anayeuziwa kwanza. Donaire mwenyewe si mgeni wa kitu hiki. Mwaka 2009 alipata mkanda wa muda wa super fly kwa kumshinda Rafael Concepcion ambaye hata uzito hakuutimiza, na hadi leo watu hawakubaliani kama daraja hilo lihesabiwe kwenye orodha yake. Hata wakati alipokuwa kijana wa kutisha, mkanda wa namna hii haukumwongezea heshima. Ulichafua hesabu tu.

Sasa niulize, nani alilipa gharama ya tiketi ile ya Buenos Aires? Ni waliobaki kwenye foleni. Mfilipino Kenneth Llover ni bantam, kijana wa mkono wa kushoto, aliyemmaliza Keita Kurihara raundi ya kwanza Machi 2025 na kuchukua mkanda wa OPBF. Wenzake katika daraja la chini kabisa wamepita njia ndefu zaidi. Melvin Jerusalem, mzaliwa wa Bukidnon, amechukua mikanda ya dunia mara mbili kwa kwenda Japan kumpiga Mjapani nyumbani kwake: Masataka Taniguchi huko Osaka Januari 2023, na Yudai Shigeoka huko Nagoya Machi 2024. Taduran naye alichukua mkanda wake wa chama cha IBF Julai 2024 kwa Ginjiro, mdogo wake Yudai, hukohuko Japan. Mabingwa hawa wawili wa Ufilipino hutajwa kwa nadra katika vyombo vya habari vya nje ukilinganisha na kila tetesi ya Donaire kurudi, na hata ya Pacquiao, ambaye Julai 2025 akiwa na miaka 46 aliruka moja kwa moja hadi pambano la ubingwa wa WBC dhidi ya Mario Barrios baada ya miaka minne bila pambano la ubingwa. Simlaumu Donaire kwa hilo. Bondia akipigiwa simu akaambiwa kuna mkanda na kuna pesa, kazi yake ni kujiandaa. Aliyepiga simu ndiye anayepaswa kujibu.

Wasomaji wa Tanzania tunalijua jambo hili kwa upande wa pili. Mwaka 2019 Hassan Mwakinyo alimshinda Arnel Tinampay kwa kadi Uwanja wa Uhuru, Dar es Salaam, na Mfilipino yule, aliyekuja kama wa kujazia tu, alitoa pambano ambalo mashabiki wetu walibishana kwa wiki nzima nani ameshinda. Tinampay ni wa tabaka la mabondia ambao Ufilipino inao kwa mamia na sisi tunao pia: wanaoitwa kwa taarifa fupi, wanapanda ndege, wanapigana nchi ya mtu, mara nyingine juu ya uzito wao, na hakuna mkanda wa muda unaowasubiri wakirudi. Kwao swali la uzito na la idadi ya ngumi zilizopokewa si la nadharia. Kijana wa kilo 52 anayekubali pambano la kilo 55 kwa sababu promota ana haraka anafanya kilekile kilichomfanya Donaire aonekane kwisha kati ya 2013 na 2018, tofauti ikiwa kwamba yeye hana jina la kumrudisha akipotea. Kamisheni zetu zikitaka kujifunza kitu Tokyo, zisitafute umri wa kuwazuia watu. Zianze kupima uzito wiki kadhaa kabla ya pambano ili ionekane nani anakata kilo ngapi, zidai picha ya ubongo kwa kila aliyepigwa KO kabla ya kumrudishia leseni, na zikatae kusaini pambano la kupanda daraja lililopangwa kwa siku tano.

Na kwa Donaire, kama atataka kuendelea, njia halali ipo. Apige pambano la mchujo, raundi 10, katika kilo 53.5, dhidi ya mtu aliye ndani ya kumi bora wa daraja hilo ambaye hajapandishwa kutoka fly ili awe mnyonge wake. Apimwe ubongo kabla na baada, majibu yasomwe na daktari asiyelipwa na promota. Llover angefaa, ikiwa pande zote zitakubali. Akishinda pambano kama hilo akiwa na miaka 44, sitakuwa na neno juu ya mkanda wowote atakaopewa kuupigania. Akishindwa, Mfilipino mwingine wa bantam atakuwa amepata nafasi yake ulingoni, mbele ya watu, bila chama chochote kuiuza mezani.